Darasa la usalama wa mtandaoni, ghorofa ya tatu, Nakuru: Jumamosi sita za fundi cherehani

Nililipa shilingi 2,500 kwa Jumamosi sita, kuanzia saa nane mchana hadi saa kumi. Hiyo ni pesa ya buibui mbili na kidogo. Nimemaliza wiki tatu zilizopita, na naandika sasa kabla sijasahau nilivyokuwa nikifikiri siku ya kwanza, maana kila anayepita dukani ananiuliza: "Fundi, hilo darasa litamsaidia mtu wa umri wetu kweli?" Litamsaidia. Lakini kuna mambo yalinikera, nayo nitayasema.

Mimi nina miaka 53. Nashona Bondeni tangu 1998: buibui, kanzu, sare za shule, na mapazia kukiwa na harusi. Wateja wangu siku hizi wananitumia vipimo na picha za mishono kwa WhatsApp, na nina kundi lao lenye watu 62. Mwaka huu, siku kumi kabla ya Idi, wakati cherehani haipoi, uliingia ujumbe kutoka kwa mteja wangu wa miaka mingi: "Dada samahani, kuna namba sita nimekutumia kimakosa, nirudishie tafadhali, nina haraka." Nikatazama kwenye meseji za kawaida, kweli namba sita zimeingia. Picha ni yake, jina ni lake, namba ya simu ni yake. Nikazituma. Nilikuwa nimeshika mkasi mkono wa pili.

Haikupita dakika tano WhatsApp yangu ikafungika. Aliyeichukua aliandikia watu wa kundi langu, mmoja mmoja, kwamba kitambaa kimepanda bei na naomba nusu ya malipo mapema. Watatu walituma: mmoja 1,500, mmoja 2,000, mmoja 800. Mama wa 2,000 alipokuja kuchukua nguo alinionyesha ujumbe, akaniambia, "Lakini dada, picha ilikuwa yako." Sikudai hata senti kwa wote watatu. Niliwamalizia nguo zao na nikabeba hasara ya 4,300, lakini lile neno la "picha ilikuwa yako" ndilo lililonipandisha ngazi hadi ghorofa ya tatu.

Chumba chenyewe kiko kwenye jengo la mtaa wa nyuma ya Kenyatta Avenue. Ngazi ni nyembamba, na chini kuna duka la spika linalopiga muziki mpaka sakafu inatetemeka. Kompyuta ni nane, sisi tulikuwa kumi na mmoja. Kulikuwa na mzee mmoja mwalimu mstaafu kutoka Molo, kijana wa bodaboda, mama anayeuza mboga soko la Wakulima, wakala wa M-Pesa, na wengine wenye maduka. Mwalimu ni binti ambaye angeweza kuwa mtoto wangu. Anawaita wanaume "mzee" na wanawake "mama", na katika Jumamosi zote sita sikumsikia akimcheka mtu wala akimnyang'anya mtu simu ili amfanyie haraka. Mikono yake aliiweka nyuma. Ukikwama anakuja, anasimama kando yako, anauliza, "Mama, unaona neno gani hapo juu?" Unasoma mwenyewe, unabonyeza mwenyewe. Watoto wetu nyumbani hawafundishi hivyo. Wanachukua simu, wanabonyeza mara nane, wanakurudishia wakisema "tayari", na wewe hujui kilichofanyika.

Siku ya kwanza hakugusa kompyuta. Alitupa kila mmoja karatasi, akasema: andika watu wote, ukijiondoa wewe, ambao wangeweza kufungua vitu vyako vya simu na mtandao leo jioni wakitaka. Niliandika "hakuna" na kupiga mstari chini yake. Akaanza kuuliza taratibu. Nani alikufungulia baruapepe? Kijana wa saiba, lile duka la intaneti mtaani. Neno la siri alichagua nani? Yeye. Ritani zako za kodi za KRA unapeleka wapi? Hapo hapo saiba. Akaunti ya eCitizen, ile ya huduma za serikali? Saiba. Nani aliweka simu hii mpya siku ulipoinunua? Binti ya dada yangu. Kuna siku umewahi kumtajia mtu namba yako ya siri ya M-Pesa? Nikakumbuka siku miwani ilivunjika na nikamtajia wakala. Na fundi wa simu uliyempelekea ibadilishwe skrini, ulimwachia namba ya kuifungulia? Nilimwachia. Nilipomaliza, karatasi yangu ilikuwa na watu wanne, na hakuna hata mmoja ambaye ni mwizi. Wote ni watu waliokuwa wakinisaidia. Karibu kila mtu chumbani alikuwa na orodha kama hiyo, na wengi walikuwa na saiba.

Mimi naona hapo ndipo thamani ya darasa hili ilipo. Nilikwenda nikidhani nitafundishwa kuhusu majambazi wa mbali, watu wa kompyuta nyingi na giza. Nikafundishwa kwanza kuhesabu funguo zangu ziko mikononi mwa nani.

Jumamosi ya pili ilikuwa ya zile namba sita, na hapa nataka kukaa kidogo. Mwalimu alitoa simu yake ya pili, akaweka WhatsApp mpya, akaniomba ruhusa aandike namba yangu badala ya yake. Nikakubali. Simu yangu ikalia mezani. Namba sita hizo, zikiwa na onyo kwamba nisimpe mtu yeyote, onyo ambalo siku ile ya Idi sikulisoma kwa sababu nilikuwa nikitafuta namba tu. Mwalimu akasema: WhatsApp haikujui sura. Inachojua ni laini. Mtu akidai kwamba yeye ni wewe, inatuma namba kwenye laini yako, na anayeleta namba hizo ndiye mwenyewe. Ukimpa mwingine, umemwambia WhatsApp kwamba yule ni wewe. Nilikaa kimya nikiitazama ile simu yake ikiningoja nimtajie. Mambo haya nilikuwa nimeelezwa na watu wawili kabla yake na sikuelewa, mpaka nilipoona simu mbili ziko kwenye meza moja, moja inaomba na nyingine inapokea.

Kisha tukaweka uthibitishaji wa hatua mbili, ile pini ya tarakimu sita ambayo WhatsApp itaiuliza hata kama mtu ameshapata zile namba za meseji. Ni kazi ya dakika mbili ndani ya mipangilio, kwenye akaunti. Na nikapata jibu la jambo lililonisumbua: kwa nini siku ile niliporudisha laini yangu kwenye WhatsApp niliambiwa nisubiri siku saba. Yule mwizi alikuwa ameniwekea pini yake. Mwalimu akanieleza kwamba nilipoingiza namba mpya za meseji, mwizi alitolewa papo hapo hata kama mimi sikuweza kuingia, na ile wiki ya kusubiri ndiyo inayoivunja pini ya mwizi. Idi nzima nilidhani bado yumo ndani anazungumza na wateja wangu. Laiti ningeyajua haya, ningelala.

Kwenye simu na M-Pesa wakala tuliyesoma naye alisaidia sana, maana yeye huona mambo haya kila siku. Walituigizia, yeye na mwalimu. Yeye ni tapeli, mwalimu ni mteja. "Halo mama, naongea kutoka Safaricom, laini yako inataka kufungwa." Tukajifunza kwamba Safaricom ikimpigia mteja inatumia 0722 000 000 tu, na kwamba namba ya tapeli unaweza kuituma kwa 333 bila malipo. Tukajifunza kupiga *106# kuona laini zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Mama wa mboga alikuta laini moja asiyoijua, akaondoka mapema kwenda kuuliza. Na tukapiga *100*100#, ambayo inazuia laini yako isibadilishwe na mtu aliyekwenda kujifanya wewe. Haya yanafanya kazi hata kwenye kabambe, zile simu ndogo za vibonyezo, na nafikiri yangefaa kufundishwa siku ya kwanza kabisa.

Kuhusu pesa "zilizotumwa kimakosa", wakala alisema neno ninalolirudia dukani kwangu kila wiki. Ukipigiwa ukiambiwa urudishe, kwanza angalia salio lako, usiangalie meseji, kwa sababu meseji mtu yeyote anaweza kuiandika. Ujumbe wa kweli unatoka kwa MPESA, hautoki kwa namba ya mtu. Kama pesa imeingia kweli, mwambie aliyetuma apeleke ule ujumbe wake kwa 456 na kampuni itairudisha yenyewe. Wewe usitume kitu. Mwalimu mstaafu akauliza, "Na kama ni mtu wa kweli amekosea, si nitakuwa nimemnyima haki yake?" Wakala akajibu, "Mzee, mtu wa kweli njia ya 456 itamfaa. Asiyetaka hiyo njia ndiye wa kukimbiwa." Mzee aliandika.

Somo la kusoma anwani lilinifurahisha kuliko yote, labda kwa sababu lilitumia mkasi. Alituletea anwani ndefu zilizochapwa kwenye vipande vya karatasi, akatuambia tutafute mkwaju (/) wa kwanza ulio peke yake, tukate hapo, tutupe upande wa kulia. Kisha tusome kilichobaki kutoka mwisho kurudi nyuma. Ya KRA ilibaki itax.kra.go.ke. Ukianzia mwisho: ke ni Kenya, go ni serikali, na hakuna mtu binafsi anayepewa hiyo go.ke, kra ni ofisi, itax ni chumba ndani ya ofisi. Kipande changu cha pili kilianza na kra.go.ke, macho yangu yakaridhika, nikataka kukiweka upande wa vizuri. Nilipokisoma kutoka mwisho nikakuta baada ya ke kuna nukta nyingine, kisha maneno ya "marejesho", na mwisho kabisa .top. Zile herufi za KRA zilikuwa zimewekwa mbele kama lebo nzuri iliyoshonwa kwenye shati bovu. Nimefanya kazi ya nguo miaka yote hii na najua kugeuza nguo nitazame mshono wa ndani kabla ya kuamini lebo. Sasa nageuza na anwani.

Hapo hapo alitutoa dhana moja: ile alama ya kufuli kwenye kivinjari. Wengi wetu tuliambiwa ukiona kufuli uko salama. Akasema kufuli maana yake ni kwamba mtu wa njiani hawezi kusoma unachopeleka. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliyeko upande wa pili, na tapeli naye anaweza kuwa na kufuli.

Maneno ya siri tulifundishwa kwa dadu za ludo. Mwalimu ametengeneza orodha yake ya maneno 1,296 ya Kiswahili, kila neno lina tarakimu nne. Unarusha dadu mara nne, unaandika zilivyokuja, unatafuta neno lako. Unarudia mpaka upate maneno matano. Nakumbuka ya mfano wa ubaoni: mkeka, figili, tarumbeta, ukope, gati. Mpangilio wa maneno matano kutoka orodha hiyo, alisema, una njia zaidi ya trilioni 3,000, na tukazidisha kwenye kikokotoo cha kompyuta tukaona ni kweli. Siri yake ni kwamba dadu ndiyo inayochagua. Mtu akichagua mwenyewe anachagua jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa, kama nilivyokuwa nimefanya mimi kwenye Facebook, na jina la mtoto wangu limeandikwa kwenye ubao wa duka langu.

Kijana wa bodaboda akasema kazini kwake kwa zamani walilazimishwa kubadilisha kila mwezi, hivyo kila mwezi aliongeza tarakimu moja mwishoni. Mwalimu akamwambia hata NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, tangu 2017 haishauri tena watu kulazimishwa kubadilisha kila baada ya muda fulani, kwa sababu watu wote hufanya hivyo hivyo. Badilisha ikivuja. Na kujua kama imevuja, akatuonyesha Have I Been Pwned, tovuti iliyoanzishwa mwaka wa 2013 na Troy Hunt wa Australia. Unaandika baruapepe yako, inakuambia imeonekana kwenye uvujaji gani. Yangu ilionekana mara moja, kupitia programu ya picha niliyoitumia kutengeneza kadi za harusi ya mpwa wangu na kuisahau.

Nije kwenye yaliyonikera.

Jumamosi ya tano ilikuwa ya programu ya kutunza maneno ya siri. Alituwekea Bitwarden, ya bure, nayo nimesikia sifa zake na naziamini. Lakini stima ilipotea saa nane na nusu, ikarudi saa tisa na robo, na somo la saa mbili likakimbizwa kwa dakika arobaini. Watu wanne waliondoka wakiwa wameweka neno kuu, lile linalofungua mengine yote, na hawalikumbuki. Neno kuu la programu hiyo ukilisahau kampuni haiwezi kukurudishia, kwa hiyo hilo si somo la kukimbiza. Lingeahirishwa. Mimi nimebaki na daftari dogo ndani ya mkebe wa vifungo, nyumbani, na mwalimu mwenyewe alisema karatasi iliyofungiwa nyumbani ni bora kuliko neno moja la siri kwenye kila mlango. Lakini nililipia somo, na somo sikulipata lote.

Pili, anafundisha kwa Kiswahili kizuri kabisa, kisha anagawa kurasa 14 za Kiingereza za kwenda kusoma nyumbani. Mama wa mboga alinipa zake nimsomee. Nilimwambia mwalimu ana kwa ana, naye alikubali ni kosa na akasema ataziandika upya. Naandika hapa ili wa darasa linalofuata waziulize.

Tatu, simu za zamani. Aliposema simu isiyopokea tena masasisho ya usalama iachwe, chumba kilinyamaza. Simu yangu ni ya 2018 na haipokei. Ni kweli alichosema: mashimo yanayogunduliwa kwenye simu kama hiyo hayazibwi tena. Ila mtu hawezi kutupa simu kwa sababu ya somo. Tulipomuuliza tena alitupa la kufanya: programu ya benki isikae humo, tusiweke programu kutoka nje ya duka rasmi, na WhatsApp na kivinjari tuvisasishe maadamu bado vinakubali. Jibu hili ndilo lingetangulia.

Wenye kabambe wawili walikaa Jumamosi tatu nzima wakitazama simu za wenzao. Nao walilipa 2,500 ile ile. Si haki.

Sheria aligusa kwa haraka. Mzee wa Molo alitaka kujua kama mtu aliyejifanya mimi anaweza kufungwa. Kuna Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandao ya 2018, na kujifanya mtu mwingine kwa kutumia neno lake la siri kunaweza kumfikisha mtu miaka mitatu jela au faini ya shilingi 200,000, au vyote viwili. Kuna pia Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na hapo tulizungumza kuhusu yale madaftari ya langoni ambamo kila mgeni anaandika jina, kitambulisho na namba ya simu, na anayefuata anasoma. Jengo hilo hilo la darasa lina daftari la aina hiyo mlangoni. Nilimwonyesha mwalimu. Jumamosi iliyofuata askari wa mlango alikuwa amewekewa kadibodi ya kufunika mistari ya juu.

Kwenye saiba nilikwenda Jumatatu baada ya somo la sita. Yule kijana nimemjua tangu akiwa mdogo, amenifanyia ritani zangu miaka sita kabla ya tarehe 30 Juni, mara nyingine bila kunitoza. Nilimwambia, "Mwanangu, nimekuja kuchukua vitu vyangu." Akatoa daftari kubwa la jalada gumu chini ya kaunta. Ukurasa kwa ukurasa, majina ya watu wa mtaa, baruapepe, PIN ya KRA, neno la siri la eCitizen. Nilitafuta langu kwa kidole. Neno la siri lilikuwa jina langu la kwanza na 123. La juu yangu lilikuwa jina la mtu huyo na 123. La chini pia.

Hakuona ubaya, na ubaya haukuwepo moyoni mwake. Wateja husahau, akasema, wanarudi wakilia, naye anafungua daftari. Nilimwelewa. Nikakaa kwenye kompyuta yake ya pembeni, nikabadilisha namba ya kurejeshea akaunti iwe yangu badala ya yake, nikatoka kwenye kila akaunti. Maneno mapya ya siri sikuyaandika hapo. Nilikwenda kuyaweka nyumbani, kwa simu yangu, kwa dadu zangu. Kisha nikamwomba akate mstari wangu. Alichukua kalamu nyeusi akaufuta mpaka karatasi ikatoboka, akaniuliza kama darasa hilo linapokea watu wa saiba.

Nikipima yote, nalipatia darasa hili nyota nne kati ya tano. Moja nimeizuia kwa sababu ya zile kurasa za Kiingereza na Jumamosi ya tano.

Darasa jipya linaanza Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao. Nimemlipia dada yangu wa Kivumbini, na kijana wa saiba amejiandikisha mwenyewe. Nimewaambia wafike saa nane kasoro robo, wabebe simu iliyojaa chaji na waya wao, kwa sababu soketi zinazofanya kazi ni nne tu, na mbili kati ya hizo ziko upande wa dirisha, mbali na kelele za spika.